Biti inatoka Likasi: jina la aliyeitengeneza linabaki wapi?

Mwaka 1952, mji wa Likasi ulikuwa bado unaitwa Jadotville. Mwaka huo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alipita hapa na mashine yake ya kurekodi. Barabarani akamkuta kijana mwenye gitaa. Kijana yule alikuwa Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Wimbo wake « Masanga » ulitoka kwenye sahani ya santuri, ukafika mbali sana na Katanga. Wapiga gitaa wa Nairobi waliiga vidole vyake, na mwaka 1969 alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Leo mambo yamegeuka. Kijana wa Kikula ao wa Panda hangojei mgeni aje na mashine. Mashine iko ndani ya nyumba: ni kompyuta ya zamani, ao simu tu. Kwa chombo hicho kimoja anaweza kupiga ngoma, besi na kinanda, akarekodi mwimbaji, na kabla ya jua kutua wimbo uko tayari. Lakini mambo matatu bado ni magumu: kupata sauti ya kwake mwenyewe, kupata watu wa kufanya nao kazi, na kulinda jina lake. Ni la tatu hilo ambalo vijana wengi wanalikumbuka wakati wamechelewa.

Nani anafanya nini

Tanzania na Kenya, yule anayeketi mbele ya mashine anaitwa prodyuza. Hapa Katanga, juu ya Kifaransa, « produktere » ni mwenye feza anayelipia kazi. Yule wa mashine anaitwa aranjere ao bitimeka. Ni vizuri kuelewana mapema, sababu kila kazi ina haki yake. Kuko anayetunga biti, kuko anayeandika maneno, kuko anayeimba, kuko anayesawazisha sauti zote mwishoni, na kuko anayelipa. Mtu mmoja anaweza kufanya kazi tatu kati ya hizo. Lakini kama hajazitaja, watu watafikiri amefanya moja tu.

Vyombo vya kuanza navyo

Mwenye kuanza hana lazima ya studio kubwa. Kompyuta moja na kaske nzuri kidogo vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Programu inayojulikana zaidi kwa vijana wa Afrika ni FL Studio. Iliundwa Ubelgiji na kampuni ya Image-Line, ikaanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Kuko namna ya kuijaribu bila kulipa, lakini ina mtego: unaweza kuhifadhi kazi yako, ila huwezi kuifungua tena mpaka ununue. Ndiyo maana wengi wanachukua zile zilizoibwa zinazopita kwenye klé USB, na mara nyingi zinakuja na virusi. LMMS ni ya bure kabisa, na Audacity pia, ambayo inafaa kwa kurekodi na kukata sauti. Kwenye simu, BandLab ni ya bure na inaenda vizuri.

Jambo la pili ni umeme. Vituo vya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, haviko mbali na Likasi, na Mwadingusha inatoa umeme tangu 1930. Hata vile, kuna siku mtaa unalala gizani. Mwenye kufanya kazi hii anajifunza kuhifadhi kila dakika chache, kujaza betri usiku wakati umeme uko, na kuweka nakala mbili za kila kazi mahali tofauti. Kompyuta ikianguka ao ikiibwa, ile nakala ya pili ndiyo inabaki kuwa kazi yako.

Jambo la tatu ni masikio. Biti inayopendeza kwenye kaske inaweza kupotea kabisa kwenye bafle ya baa. Njia ya kujua ni rahisi: usikilize wimbo wako kwenye simu ndogo, kisha ndani ya taksi, kisha kwenye bafle ya ndoa. Kama besi inafunika sauti ya mwimbaji pote mara tatu, kosa liko kwenye kazi, haliko kwenye vyombo.

Sauti ya kwako iko karibu

Mwenye kuanza karibu kila mara anaanza kwa kuiga: amapiano ya Afrika Kusini, afrobeat ya Nigeria, drili. Kuiga ni shule, na hakuna aya ndani yake. Lakini nchi zile zina maelfu ya vijana wanaofanya ile ile, tena wako karibu na soko lake. Wakongomani waliojulikana mbali kwa muziki wa elektroniki walianzia kwa kile kilichokuwa pembeni yao.

Konono N°1 ya Kinshasa ni mfano wa kwanza. Mawangu Mingiedi alikuwa dereva wa lori na mpiga likembe. Ili likembe isikike katika makelele ya jiji, alitengeneza mikro kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma vya magari. Sauti ilitoka imekwaruza. Hakuificha, ikawa alama ya kundi. Albamu yao « Congotronics » ilitolewa na kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na mwaka 2007 walisikika kwenye wimbo wa Björk, mwimbaji wa Iceland. Baada yao, kundi la KOKOKO!, la Kinshasa pia, lilitengeneza vyombo kwa chupa, makopo na vyuma vilivyotupwa, likavichanganya na mashine, likatoa albamu « Fongola » mwaka 2019.

Katanga nayo ina chake. Karindula, ile banjo kubwa ya pipa la mafuta na ngozi ya mbuzi, inapigwa katika vilio na katika sherehe za mitaa. Vincent Kenis, yule yule aliyerekodi Konono, alikuja kurekodi makundi ya karindula Lubumbashi, na mwaka 2011 Crammed Discs ikatoa « The Karindula Sessions ». Bitimeka wa Likasi hana lazima ya kungoja Mbelgiji mwingine. Kwa simu moja anaweza kurekodi karindula, kwaya ya parokia, kengele ya shule, ao nyundo ya fundi wa vyuma, kisha akakata vipande na kuvifanya ngoma. Ila aombe ruhusa kwa mpigaji, na amuandike.

Dar es Salaam wanatoa funzo lingine. Singeli ilizaliwa katika mitaa ya watu wa kawaida, kwa kompyuta za bei ndogo, na sherehe za mtaani ndizo zilizoikuza. Inaenda mbio sana, mara nyingi kupita mapigo 200 kwa dakika, wakati house ya kawaida inabaki karibu 120 mpaka 128. Sisso, mwenye studio katika mtaa wa Mburahati, alifanya kazi na vijana wa jirani zake kwa miaka mingi mbele ya « Sounds of Sisso », mkusanyo uliotoka mwaka 2017 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Watu wa mtaa walicheza kwanza. Ulaya ilikuja nyuma.

Watu wa karibu

« Ile njo kazi gani? » Ni swali ambalo vijana wengi wanalisikia nyumbani. Katika mji uliolelewa na Gécamines, kazi ni ile yenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Mzazi anayeuliza vile hana ubaya, anaogopa. Jibu zuri si maneno. Ni kumwonyesha kazi iliyolipwa, hata ndogo: tangazo la duka, wimbo wa harusi, muziki wa mchezo wa kanisa, kurekodi kwaya. Kazi hizo zinalisha na zinafundisha kumaliza kwa siku iliyoahidiwa.

Rey Sapienz, mzaliwa wa Bunia katika Ituri, alienda Kampala mwaka 2012 kwa kazi ya muziki, na vita ikamzuia kurudi. Hakukaa peke yake. Alifundisha vijana kutengeneza muziki kwa kompyuta, kisha akawa kati ya walioanzisha Hakuna Kulala, lebo ndugu ya Nyege Nyege Tapes. Mwaka 2021 akatoa « Na Zala Zala » pamoja na Congo Techno Ensemble. Njia yake ilifunguka kwa kufanya kazi na wengine.

Kwa mtu wa Likasi, mlango wa karibu ni Lubumbashi, safari ya kilomita karibu 120. Huko kuko Halle de l'Étoile, na kuko kituo cha sanaa Picha, kinachoandaa Biennale tangu 2008. Wasanii wa picha na filamu wanatafuta muziki pia. Lakini kabla ya kupanda gari, aanze na jirani: mwimbaji mmoja, mchezaji mmoja, didjeyi mmoja wa ndoa atakayekubali kujaribu wimbo wake mbele ya watu.

Karatasi mbele ya wimbo

Hapa ndipo hasara inaingia. Kijana anatoa biti kwa mwimbaji kwa feza ya mega tu, ao kwa urafiki. Wimbo unapendwa. Jina linalosomwa redioni ni la mwimbaji peke yake, na mwenye biti hana hata ujumbe mmoja wa kuonyesha.

Sheria iko. Ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 mwezi wa 4 1986 inalinda haki za watunzi katika Congo. Haki hiyo inaanza siku kazi inapotengenezwa, na inaendelea miaka 50 kisha kifo cha mtunzi. SOCODA, yenye makao makuu Kinshasa, ndiyo iliyochukua nafasi ya SONECA kwa kukusanya haki hizo, na mtunzi anaweza kujiandikisha huko. Lakini sheria bila ushahidi haisaidii sana. Kabla ya kurekodi, wote waandike karatasi moja yenye mambo haya:

- jina la wimbo na tarehe;
- jina kamili la kila mtu na kazi aliyofanya;
- kila mmoja atapata sehemu gani kwa mia;
- kama biti imeuzwa kabisa ao imekopeshwa kwa wimbo huo mmoja tu;
- sahihi za wote.

Kila mtu abaki na nakala yake, hata picha kwenye simu. Na faili za kazi, zile zenye kila chombo mbali mbali, zisitolewe mbele ya malipo.

Kutuma kazi nje

Faili ya WAV, ambayo ndiyo inayohifadhiwa, inakula karibu megabaiti 10 kwa dakika. MP3 ya ubora wa juu inakula karibu megabaiti 2 na nusu. Kwa kuonjesha watu, MP3 inatosha na inalinda mega. Audiomack inapokea nyimbo bila malipo. Bandcamp inaruhusu kuuza na inakata sehemu 15 kwa mia, ila mwenye kuuza awe na akaunti ya kupokelea feza kutoka nje. Popote anapotuma, aandike ndani ya faili yenyewe jina lake, mji wake na majina ya wote walioshiriki. Redio inayopokea wimbo usio na majina haina la kusoma.

Jina la Jean-Bosco Mwenda linajulikana mpaka leo, hata kama yeye alifariki mwaka 1990, sababu mwaka 1952 Tracey aliliandika pamoja na wimbo. Leo mwenye kurekodi na mwenye kutunga ni mtu mmoja. Kuandika nako ni kazi yake.