Mafahali Wawili Katika Zizi Moja

Mithali yetu husema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Maneno haya ni kweli katika enzi, na aghalabu ni kweli katika biashara pia; maana jina la mfanya biashara ni mlango ambao wateja wake huingilia, na mlango mmoja haufai kuwa wa nyumba mbili. Walakini sheria ya Waingereza juu ya alama za biashara ina sura moja inayokwenda kinyume cha mithali hii. Husema kwamba watu wawili waliolitumia jina moja kwa uaminifu, kwa muda mrefu, kila mmoja katika kazi yake, yamkini wakaachiwa jina hilo wote wawili. Yafaa tuitazame sura hiyo ilivyozaliwa na mpaka wake ulipo.

Asili yake ni ya zamani kuliko daftari la alama lenyewe, lililofunguliwa London mwaka 1876. Fundi wa saa aliyeitwa Dent alifariki akawaachia warithi wawili biashara yake, kila mmoja na sehemu yake. Wote wakauza saa zenye jina la Dent. Alipotokea mtu wa tatu, Turpin, kuuza saa kwa jina hilo hilo, mahakama iliamua mwaka 1861 kwamba kila mrithi alikuwa na haki ya kumzuia mgeni huyo. Hapakuwa na mwivi kati ya warithi wale wawili. Haki ya kila mmoja ilitoka katika chemchemi moja. Kwa hiyo mahakama iliona kuwa jina laweza kuwa na wenyewe wawili bila ya mmoja wao kuwa mwongo.

Mwaka 1905 Bunge la Uingereza liliitia fikira hii katika sheria, likaipa mahakama uwezo wa kuruhusu alama zinazofanana ziandikishwe kwa watu zaidi ya mmoja, ikiwa matumizi yao yalikuwa ya pamoja na ya uaminifu. Sheria ya mwaka 1938 ililishika neno hilo, na sheria ya Kenya juu ya alama za biashara, iliyofuata mfano huo, inalo pia.

Lakini uaminifu hupimwa kwa kipimo gani? Jibu lililo mashuhuri lilitolewa na Lodi Tomlin mwaka 1933, katika shauri la watengeneza karatasi wa Uskochi, Alex Pirie na Wanawe. Walitaka kuandikisha alama ya Abermill, nao wenye Hammermill wa Marekani wakapinga. Lodi Tomlin alitazama muda wa matumizi na wingi wa mauzo. Kadiri wanunuzi wanavyoweza kuchanganyikiwa. Kama kuna waliochanganyikiwa kweli. Uaminifu wa mwombaji. Na nani ataumia zaidi, anayekubaliwa au anayekataliwa. Pirie alishinda. Tena ilionekana kwamba kujua kuwapo kwa alama ya mwenzio hakutoshi peke yake kumfanya mtu kuwa mdanganyifu.

Shauri lililoitia sura hii katika jaribu kubwa kabisa ni la bia. Katika Bohemia uko mji ambao Wacheki huuita České Budějovice na Wajerumani Budweis. Kitu kitokacho huko, kwa Kijerumani, ni Budweiser. Mwaka 1876 bia ya jina hilo ilianza kutengenezwa St. Louis, Marekani, na kampuni ya Anheuser-Busch ikaja kuwa mwenyewe. Mwaka 1895 kiwanda cha Budvar kilianzishwa katika mji wenyewe. Mmoja alitangulia kwa miaka. Mwingine alikuwa na mji. Mkataba wa mwaka 1939 ulimzuia Budvar kulitumia jina hilo Marekani ya Kaskazini, lakini dunia ni pana kuliko mkataba.

Uingereza, bia zote mbili ziliingia sokoni katika miaka ya 1970. Anheuser-Busch walishtaki mwaka 1979. Mwaka 1984 Mahakama ya Rufani iliwakatalia, kwa kuwa bia yao, iliyokuwa ikiuzwa katika kambi za askari wa Kimarekani, ilikuwa haijajenga sifa ya biashara kwa raia wa nchi. Mwaka 2000 wote wawili waliandikishwa kuwa wenye neno Budweiser, kwa nguvu ya sheria ile ya 1938. Miaka minne na siku 364 baadaye, ikisalia siku moja tu kutimia muda wa miaka mitano ambao ungewafunga mdomo, Anheuser-Busch waliomba alama ya mwenzao ifutwe.

Shauri lilipelekwa Mahakama ya Haki ya Ulaya, nayo ikajibu mwezi wa Septemba 2011. Kazi kuu ya alama ni kumwambia mnunuzi kitu hiki kimetoka kwa nani. Waingereza walikuwa wamezijua bia hizi karibu miaka 30 kabla ya kuandikishwa, wakazipambanua kwa ladha, bei na sura ya chupa. Maadamu kazi ile haikudhurika, hapakuwa na sababu ya kufuta. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ilifunga shauri, na kampuni iliyo kubwa zaidi haikupata kumfukuza iliyo ndogo.

Asidhani mtu kuwa sura hii ni ngao ya kila mwigaji. Mwaka 2016, katika shauri la wauza vifaa vya bafu, Victoria Plum na Victorian Plumbing, jaji alikubali kwamba majina yale yalikaa pamoja kwa uaminifu. Lakini kulipia jina la mwenzio ili atafutaye katika intaneti aletewe tangazo lako kulikuwa nje ya uaminifu huo. Na mwaka 2023, katika shauri la Match na Muzmatch, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba matumizi ya pamoja si kinga isimamayo peke yake, bali ni jambo la kupimwa katika kuuliza kama alama imeingiliwa.

Katika mashauri haya yote mizani iko mkononi mwa mnunuzi. Mkongwe ana umri, na mzawa ana mji. Lakini asiyesema katika shauri, yule aliyesimama mbele ya kaunta na fedha yake, ndiye ambaye haki yake huamua. Akiweza kuwapambanua, zizi latosha wawili. Akidanganywa, hata mwenye jina alilopewa na mama yake hana budi kuliacha nje ya duka.