Wazazi wa Vienna na Mikono ya Madaktari

Katika miaka ya 1840, Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi: ya kwanza ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Zilipokea wajawazito kwa zamu, kwa hiyo wodi ya mtu ilitegemea siku aliyoshikwa na uchungu. Mwaka 1846 wodi ya kwanza ilizika wazazi 459 kati ya 4,010. Ya pili, 105 kati ya 3,754. Sababu kubwa ilikuwa homa ya uzazi.

Wataalamu walilaumu hewa chafu. Mjini wanawake hawakuwa na nadharia, ila walijua pa kuogopa. Walipiga magoti wakiomba wasilazwe wodi ya kwanza, na wengine walijifungulia njiani. Daktari Ignaz Semmelweis wa wodi hiyo, mzaliwa wa Hungaria, aliona kwamba hata hao wa njiani waliugua kwa nadra zaidi kuliko wagonjwa wake. Woga wao ukawa ushahidi.

Machi 1847 mwenzake, Jakob Kolletschka, alifariki baada ya kujeruhiwa kidole kwa kisu cha kupasulia maiti, na mwili wake ukaonyesha dalili zilezile za homa ya uzazi. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Mei, Semmelweis akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwaka 1848 vifo vya wodi ya kwanza vilishuka hadi asilimia 1.3 hivi. Madaktari wengi walimpinga, na agizo lenyewe lilimhusu mtabibu peke yake. Wazazi wale walikuwa maskini waliotibiwa bure ili wanafunzi wajifunzie kwao. Nani angethubutu kumuuliza daktari kama amenawa?

Swali hilo lilikuja kuruhusiwa rasmi baada ya karne moja na nusu. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Maryanne McGuckin, aliwafundisha wagonjwa wa hospitali nne za New Jersey kumuuliza kila mhudumu, kabla hajawagusa, kama amenawa mikono. Kipimo chake kilikuwa sabuni iliyotumika, nayo iliongezeka kwa theluthi moja hivi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza ushiriki wa wagonjwa katika mwongozo wake wa usafi wa mikono.

Hofu haikuisha kwa mwongozo. Wagonjwa wengi huona ni rahisi kumuuliza muuguzi kuliko daktari, na huuliza zaidi pale mhudumu mwenyewe anapowaambia waulize.