Bingwa Akishashinda, Anatuachia Nini?

Tarehe 5 Agosti 2024, saa tano kasorobo usiku, tulikuwa tumejazana kwa kibanda cha chipsi mtaani, TV imewekwa juu ya friji ya soda. Beatrice Chebet alikuwa ametoka kushinda mita 5000 pale Paris kitambo kidogo tu, na watu walikuwa bado wanabishana juu ya Faith Kipyegon. Alikuwa amemaliza wa pili, wakamwondoa, na baadaye usiku huohuo wakamrudishia fedha yake. Kwa hivyo fainali ya mita 800 ya akina dada ilianza nusu ya kibanda ikipiga kelele.

Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa namngoja Mary Moraa.

Dakika mbili hazikuisha. Keely Hodgkinson wa Uingereza wa kwanza, 1:56.72. Tsige Duguma wa Ethiopia wa pili. Moraa wetu shaba. Jamaa aliyekuwa kando yangu akauliza, chipsi mdomoni, "Huyu mzungu naye ametokea wapi?"

Wasee, hilo swali lilinikataza kulala. Ukitaka kujua Hodgkinson ametokea wapi, lazima urudi nyuma miaka 60.

Anza Tokyo, 1964. Kuna dada Mwingereza anaitwa Ann Packer, miaka 22. Alikuwa ameenda kukimbia mita 400, na akapata fedha. Mita 800 ilikuwa kama nyongeza tu, mbio ambazo hata hakuwa na uzoefu nazo. Akaingia fainali, akawapita wote kwenye mita za mwisho, akaweka rekodi ya dunia: 2:01.1. Halafu akastaafu. Hivyo tu. Miaka 22, dhahabu mkononi, kwaheri.

Simlaumu hata kidogo. Wakati huo riadha haikuwa na mshahara, na msichana aliyeolewa alitarajiwa kutulia nyumbani. Lakini angalia kilichofuata. Uingereza ilingoja miaka 40 kamili kabla dada mwingine kuwaletea dhahabu ya Olimpiki ya mita 800. Miaka 40! Wakati huo wote medali ya Packer ilikuwepo, picha zake zilikuwepo, historia iliandikwa. Kama medali peke yake ingekuwa inazaa mabingwa, hawangengoja hivyo.

Aliyemaliza huo ukame ni Kelly Holmes, na huyu ndiye anayenigusa.

Holmes alizaliwa 1970 huko Kent, mama mzungu kijana sana, baba mzaliwa wa Jamaica ambaye hakukaa nao. Shuleni hakuwa yule wa kuongoza darasa, lakini akikimbia, wanasahau. Mwaka 1983 alishinda mita 1500 kwenye mashindano ya shule za Uingereza. Mwaka uliofuata alimwona Sebastian Coe kwenye TV akishinda mita 1500 Los Angeles, na akajiambia naye iko siku.

Halafu akaacha. Karibu afikishe miaka 18 alijiunga na jeshi, akawa dereva wa lori, kisha mwalimu wa mazoezi ya viungo. Riadha ya kimataifa akaiweka kando. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na najua ule mtazamo watu hukupea, kama vile maisha ni basi moja na wewe umeshuka stendi isiyo yako. Kwa hivyo nilipofika hapa kwa stori yake nilisoma polepole.

Mwaka 1992 Holmes akiwa jeshini aliangalia Olimpiki ya Barcelona kwa TV. Akamwona Lisa York akikimbia mita 3000. Huyu alikuwa msichana aliyewahi kushindana naye wakiwa wadogo! Akajiuliza, kama yeye yuko pale, mimi nafanya nini hapa? Akarudi mazoezini, akiwa bado mwanajeshi.

Usifikirie baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Atlanta 1996 alimaliza wa nne akiwa na ufa kwa mfupa wa mguu. 1997 alienda mashindano ya dunia Athens akitegemewa kushinda, mshipa wa kisigino ukamwangusha kwenye mchujo. Sydney 2000 akapata shaba. 2003 alizama kwenye msongo wa mawazo mbaya, jambo ambalo yeye mwenyewe amelisema hadharani. Mwaka uliofuata akarudi Athens, mji uleule uliomvunja, akiwa na miaka 34. Akashinda mita 800 kwa 1:56.38. Siku tano baadaye akashinda 1500 kwa 3:57.90. Ile picha yake macho yametoka, mdomo wazi, haamini, bado iko kila mahali.

Wengi wetu tungeishia hapo. Weka muziki wa hisia, maliza video. Lakini kwangu mimi kazi kubwa ya Holmes haiko kwa hiyo picha.

Mwaka huohuo wa 2004 alianzisha kambi za mazoezi za wasichana wadogo wa mbio za masafa ya kati. Kambi kamili: wanakula pamoja naye, wanakimbia pamoja naye, wanamuuliza maswali ambayo huwezi kuuliza TV. Mguu ukiuma nafanya nini? Nikishindwa nasemaje nyumbani? Mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Hannah England, aliyepata fedha ya dunia ya mita 1500 kule Daegu, 2011.

Na hakuwa bingwa pekee wa Uingereza kufikiria hivyo. Kuna Mary Peters, aliyeshinda pentathloni Munich 1972 kwa tofauti ya pointi 10 tu, akiwa na miaka 33. Nyumbani kwake ni Belfast, na Belfast ya 1972 ilikuwa ya mabomu, Wakatoliki na Waprotestanti wanauana. Alitumiwa vitisho vya kuuawa akirudi. Akarudi. Na watu walipotaka kumtunza, aliomba wamsaidie kitu kimoja: uwanja wa mazoezi wa maana, wa kila mtu. Akachangisha pesa mpaka ukajengwa, na leo unaitwa kwa jina lake. Fikiria mji ambao kila mtaa una upande wake, halafu kuna mahali pamoja ambapo mtoto wa upande huu na wa ule wanapishana wakiwa na viatu vya spaiki.

Sasa twende London, 2012. Kauli mbiu ya Olimpiki ile ilikuwa kuhamasisha kizazi kizima. Ufunguzi ulipofika, dunia yote ilikuwa inabahatisha ni supastaa gani atawasha moto. Hakukuwa na supastaa. Moto uliwashwa na vijana 7 ambao hakuna aliyewajua, kila mmoja amechaguliwa na bingwa wa zamani. Mary Peters alimchagua Katie Kirk. Kelly Holmes alimchagua Adelle Tracey, mkimbiaji wa mita 800. Daley Thompson, bingwa mara mbili wa dekathloni, alimchagua Desirèe Henry, na miaka minne baadaye Henry akarudi na shaba ya 4x100 kutoka Rio.

Siku chache baada ya ufunguzi, tarehe 4 Agosti, Jessica Ennis, Greg Rutherford na Mo Farah wakashinda dhahabu tatu ndani ya saa moja. Nchi ikalia. Lakini mwaka uliofuata kamati ya Bunge la Malodi ikaandika ukweli mchungu: lile ongezeko kubwa la watu kushiriki michezo lililoahidiwa halikuwa limeonekana. Shangwe za usiku mmoja hazikugeuka mazoezi ya Jumatatu.

Lakini kuna mtoto mmoja wa miaka 10, huko Atherton karibu na Manchester, aliyemwona Ennis kwa TV na akawaka. Jina lake Keely Hodgkinson. Tofauti ni kwamba TV ilipozimwa, kulikuwa na klabu ya riadha karibu na kwao. Baadaye kukawa na kocha, Trevor Painter, na mke wake Jenny Meadows, mshindi wa shaba ya dunia ya mita 800, Berlin 2009. Meadows ni mtu aliyejua uchungu: dhahabu yake ya Ulaya ya 2011 aliipata baadaye tu, baada ya Mrusi aliyemshinda kupatikana na dawa. Huo uchungu ameugeuza kuwa ukocha. Na Hodgkinson alipopata fedha Tokyo 2021 kwa 1:55.88, akivunja rekodi ya taifa ya Kelly Holmes, nani alikuwa anamtumia jumbe za kumtia moyo? Kelly Holmes mwenyewe. Anavunjiwa rekodi, na yeye ndiye anashangilia.

Kwa hivyo jamaa wa chipsi, jibu lako ni hilo. Kutoka Packer hadi Holmes, miaka 40. Kutoka Holmes hadi Hodgkinson, 20. Sisemi ni kambi na jumbe peke yake, kuna pesa na makocha na bahati pia. Nasema tu kwamba mara hii kulikuwa na mikono ya kupokezana kijiti.

Mbona imeniuma? Kwa sababu nikiwa kidato cha pili nilikuwa nakimbia mita 800, na sikuwa mbaya. Bingwa mmoja wa zamani alikuja shuleni kwetu siku ya zawadi. Akatuambia tusikate tamaa, akapiga picha na kila darasa, gari likaondoka. Nilihamasika kwa wiki mbili hivi. Uwanja ulikuwa na mashimo, hakukuwa na kocha, na wiki ya tatu nikaacha.

Wakenya hatuna uhaba wa mabingwa. Moraa alimshinda Hodgkinson Birmingham 2022 na Budapest 2023. Lilian Odira alimwacha wa tatu Tokyo 2025, kwa 1:54.62. Watoto wanaona. Wanawaka, kama yule wa Atherton.

Ukiwa umewahi kushinda kitu chochote, hata mbio za wodi, kuna mtoto mtaani kwenu anakimbia peke yake asubuhi. Usimpe hotuba. Toka na yeye, hata kama ni Jumamosi pekee. Mimi kasi iliisha zamani, lakini saa ya kuhesabu muda bado ninayo, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko uwanjani.