Bega la Lederman

Kati ya grafu zote ninazozisoma kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, ninayoirudia zaidi ni ile ya mwaka 1968 kutoka Brookhaven, Marekani. Leon Lederman na wenzake walirusha protoni kwenye kipande cha urani, wakapima jozi za muoni zilizotoka. Mstari ulitarajiwa kushuka taratibu kadiri masi inavyoongezeka. Ukashuka kweli, ila karibu na 3 GeV ukatuna kidogo, kama bega.

Bega, si kilele. Muoni zililazimika kupenya chuma kinene kilichozuia chembe nyingine, na humo zikayumbishwa, vipimo vikapoteza makali. Nani angethubutu kulipa jina tuta kama hilo?

Novemba 1974, kikundi cha Samuel Ting, hapo hapo Brookhaven, kikarusha protoni kwenye berili na kupima jozi za elektroni na positroni kwa usahihi mkubwa. Bega likageuka sindano, kwenye 3.1 GeV: kwaki nzito ya chamu na antikwaki yake, zimezaliwa pamoja na kushikana. Burton Richter aliipata chembe hiyo hiyo California. Wawili hao wakapewa Nobel mwaka 1976.

Lederman (ndiye ninayempenda) hakuziacha jozi zake. Mwaka huo huo, Fermilab, kundi lake likatangaza chembe yenye 6 GeV, na data zaidi zikaifuta. Mwaka 1977 likaja na kilele karibu na 9.5 GeV, kwaki ya botomu na antikwaki yake. Safari hii muoni zilipitishwa kwenye berili, ambayo viini vyake vyepesi haviziyumbishi sana.