Sauti ya mwelekezi: gemu za magari zilivyojifunza kuongea na asiyeona

Leo tuweke kodi kando kidogo tuingie kwenye historia. Swali ni hili: mtu asiyeona anaweza kucheza gemu ya mbio za magari? Anaweza. Tena akishaizoea anaweza kukuachia vumbi. Ila ili tuelewe jambo hili liliwezekanaje, inabidi tuanzie Italia mwaka 1955, kabla gemu za video hazijafika dukani.

Mwaka huo Mwingereza Stirling Moss alishinda Mille Miglia, mbio za karibu kilomita 1,600 kwenye barabara za kawaida, kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Kando yake alikaa mwandishi wa habari Denis Jenkinson, ameshika kisanduku chenye karatasi iliyoviringishwa, urefu wake zaidi ya mita tano. Walikuwa wameipita njia ile kabla ya siku ya mashindano na kuandika kona zote za hatari. Gari lao la Mercedes halikuwa na paa, na kelele zake zilikuwa haziruhusu mazungumzo, basi Jenkinson alimwambia Moss kwa ishara za mkono.

Hebu litafakari hilo. Moss alikuwa na macho mazuri kuliko yangu na yako. Lakini kwa kasi ile macho hayatoshi, kwa sababu hayaoni nyuma ya kona wala nyuma ya kilima. Kwa hiyo akaletewa habari kwa njia nyingine. Leo tungeita kazi ile ufikivu, yaani kukifanya kitu kitumike hata na mtu ambaye njia ya kawaida haimfai. Wakati ule waliita ujanja wa kushinda.

Baadaye madereva wa rali wakavaa helmeti zenye maikrofoni na spika, na mkono ukawa sauti. Sisi Wakenya tunaijua kazi hiyo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na ilikimbiwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa: ng'ombe, matatu na mama anayetoka sokoni wote walikuwamo. Ndiyo maana timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari, iwaonye madereva kwa redio. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae alishinda Safari akiwa na Subaru, mwelekezi wake akiwa Nicky Grist. Mwaka uliofuata kampuni ya Codemasters ikatoa gemu ya Colin McRae Rally, na sauti inayokusomea kona humo ni ya Grist mwenyewe. Toleo la pili, la mwaka 2000, lina hatua za Kenya. (Mimi niliicheza miaka mingi baadaye kwenye pleisteshoni ya mtumba mjini Kericho, na sikuona chai hata shina moja. Ni vumbi tupu.)

Aliyekulia huku kwetu hahitaji kuelezwa mwelekezi ni nani. Lori la majani likiingia barabara za ndani upande wa Litein au Mogogosiek msimu wa mvua, turnboy ndiye macho ya dereva. Anapiga bodi kwa kiganja: "Leta, leta, kata kulia, nyoosha, shika hapo!" Ukungu ukishuka asubuhi juu ya mashamba, dereva humtegemea huyo kuliko taa zake.

Sasa, je, sauti ya Grist ilitosha kumwezesha asiyeona kucheza? Hapana, na hapa ndipo mada inapoanza kunoga kwetu sisi watu wa programu. Kuendesha gari kuna maswali mawili. La kwanza: mbele kuna nini? La pili: hivi sasa niko wapi barabarani, katikati au karibu na mtaro? Mwelekezi anajibu la kwanza tu. La pili dereva analijibu kwa macho, maelfu ya mara kwa saa, bila kujua kwamba anajibu.

Wanariadha wetu wasioona walishalitatua hilo kwa kamba. Anayekimbia kwenye kundi la T11 hufungwa macho na kuunganishwa na kiongozi wake kwa kamba fupi mkononi. Mdomo wa kiongozi unasema kona inakuja. Kamba inasema uko wapi. Nancy Chelangat Koech alipata shaba ya mita 1500 namna hiyo kwenye Paralimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Na Henry Wanyoike, kule Sydney mwaka 2000, kiongozi wake aliishiwa nguvu karibu na mwisho, ikabidi Wanyoike amvute mpaka kwenye utepe, akachukua dhahabu ya mita 5000.

Gemu iliyohitajika ilikuwa yenye mdomo na kamba pia. Waliotengeneza za kwanza hawakuwa makampuni makubwa. Marekani alikuwako Jim Kitchen, mwenyewe asiyeona, aliyetoa bure Mach 1 na gemu nyingine nyingi. Uholanzi wakaja vijana wa Playing in the Dark na Top Speed. Gemu hizo hazihitaji picha. Sauti inakutangazia kona, na kamba ni stirio: mlio ukihamia sikio moja unajua umetoka katikati, unarudisha usukani. Wachezaji wasioona duniani walizipenda sana, na makampuni makubwa hayakugeuka hata kutazama.

Kinachonikera ni kwamba habari yote ilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Magari yanayoendeshwa na gemu yenyewe hayana macho. Yanasoma namba tu: kona iko mita ngapi, imepinda kiasi gani, ukingo uko wapi. Forza Motorsport ya kwanza, mwaka 2005, ilichukua namba hizohizo ikamchorea mchezaji mstari barabarani, kijani ukiongeza mwendo, nyekundu ukitakiwa kufunga breki. Huo ni msaada kwa mwenye macho ambaye hajui kuendesha. Kuzigeuza namba zilezile kuwa sauti kulingoja mpaka Forza Motorsport ya Oktoba 2023. Miaka 18! Si hesabu iliyokuwa ngumu.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2018, Brian Smith na Shree Nayar wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mfumo wao, RAD. Sauti moja inaeleza mwendo na mahali pa gari barabarani, nyingine inaonya kona inayokuja, ukali wake na urefu wake. Maswali yetu mawili, neno kwa neno. Forza ilikwenda mbali zaidi, na mshauri wao alikuwa Brandon Cole, mchezaji asiyeona, ambaye alifariki mwaka 2024. (Ufikivu si macho tu: Nintendo walitoa padi ya kutumia kidevu na pumzi mwaka 1989, na Microsoft padi yenye vibonyezo vikubwa mwaka 2018. Nitaandika siku nyingine.)

Mpira wa miguu ni hadithi nyingine. Watu hudhani gemu za mpira zinamfaa asiyeona kwa sababu zina mtangazaji. Binamu yangu wa Mogogosiek, ambaye macho yalimwacha akiwa sekondari, bado huenda kwenye kibanda cha pleisteshoni kukaa na wenzake. Anajua nani amefunga. Akipewa padi hafiki popote, maana mtangazaji wa gemu husema jambo likishapita. Marehemu Leonard Mambo Mbotela aliweza kukuwekea uwanja mzima ndani ya redio, lakini hata yeye alikuwa akimsimulia msikilizaji, si mchezaji.

Na Forza haimfikii. Inataka Xbox mpya au kompyuta yenye nguvu, na vibanda vyetu bado vina PS3 na PS4. Alicho nacho ni laptopu ya zamani yenye NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzia Australia mwaka 2006. Hata Kiswahili inakisoma, ingawa kwa sauti ya roboti. Nilimwekea Top Speed; siku ya tatu akanishinda mimi niliyekuwa na hedifoni zilezile. Kisha akauliza kwa nini mwelekezi anaongea Kizungu.

Basi nimeanza kuandika yetu, kwa Python, mistari kama mia tatu hadi sasa. Sauti ni ya turnboy mmoja wa Litein aliyekubali kurekodiwa kwa simu baada ya kushusha majani kiwandani. Kufikia jana barabara ina kona kumi na moja na daraja moja. Binamu anasema "shika hapo" inachelewa kwenye kona ya saba, na kwamba nusu sekunde kabla ingetosha.