Picha ya meno na utambuzi wa osteoporosisi

Utambuzi wa osteoporosisi kwa picha ya meno ni njia ya kutumia eksirei iliyopigwa kwa ajili ya meno kuchunguza pia mfupa wa taya la chini, ili kumtambua mwanamke ambaye huenda mifupa ya mwili wake imedhoofika.

Osteoporosisi huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hupungua. Ni ugonjwa wa kimyakimya: mtu hahisi lolote hadi anapoanguka kidogo tu na kuvunjika nyonga au mkono karibu na kiganja. Pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea hata bila kuanguka, na mgongo uliopinda ukachukuliwa kuwa uzee wa kawaida. Kipimo kinachotegemewa ni cha mashine ya DXA, inayopima wingi wa madini katika mfupa. Mashine hizo ni chache Afrika Mashariki, na zilizopo ziko hasa katika miji mikubwa.

Historia

Picha inayoonyesha taya lote kwa mara moja, yaani picha ya panorama, iliendelezwa na Yrjö Paatero wa Finland katikati ya karne ya 20. Mwaka 1994 watafiti wa nchi hiyohiyo, wakiongozwa na Klemetti, waligawa sura ya ukingo wa taya la chini katika madaraja matatu. Nchini Japani Akira Taguchi aliendeleza kazi ya namna hiyo, na barani Ulaya mradi wa OSTEODENT ulichunguza wanawake zaidi ya 600 wenye umri wa miaka 45 hadi 70.

Namna ya kusoma picha

Daktari huangalia gamba gumu la mfupa kwenye ukingo wa chini wa taya, chini ya kitundu kinachopitisha neva ya kidevu. Kwa mtu mwenye mifupa imara gamba hilo ni nene na upande wake wa ndani umenyooka. Likianza kuliwa huwa na mapengo kama ya mwezi mwandamo. Likizidi kuharibika huonekana lenye matundu mengi. Unene usiofika milimita 3 ni sababu ya kumpeleka mgonjwa akapimwe zaidi. Picha peke yake haithibitishi ugonjwa.

Filamu ndogo inayowekwa mdomoni kwa kawaida haifiki kwenye ukingo huo. Hapo ndipo ugumu ulipo: katika vituo vingi vya Tanzania hiyo ndogo ndiyo inayopatikana, na wagonjwa wengi huenda kwa daktari wa meno pale tu jino linapotakiwa kung'olewa. Vilevile haifai kumpiga mtu eksirei ya taya kwa kutafuta osteoporosisi pekee. Faida yake ni kwamba picha tayari ipo kwa sababu nyingine.

Hali ya Singida

Utemini ni kata ya Manispaa ya Singida. Maziwa ya Singidani na Kindai yaliyo mjini humo ni ya chumvi, hivyo wakazi hutegemea maji ya ardhini. Mkoa wa Singida umo katika ukanda wa Tanzania ambao maji yake ya ardhini huwa na madini mengi ya floraidi, ingawa kisima na kisima hutofautiana. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi 4 kabla ya kushusha kiwango.

Floraidi nyingi hutia meno madoa ya kahawia, lakini pale tu inaponywewa utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika. Kwa hiyo madoa ya bibi wa miaka 65 yanasimulia maji aliyokunywa akiwa mtoto, si ya leo. Jambo hilo si la urembo tu. Floraidi ikijikusanya mwilini kwa miaka mingi hufanya mfupa uonekane mzito kwenye vipimo huku ukiwa dhaifu zaidi, na DXA inaweza kutoa jibu la kutia moyo kuliko inavyostahili. Daktari wa meno, anayeyaona madoa na taya kwa pamoja, anafaa kuandika yote mawili katika barua ya rufaa, pamoja na mahali mgonjwa alipokulia.