Unasihi wa Wanafunzi wa Vyuo

Unasihi wa wanafunzi wa vyuo (pia: ushauri nasaha vyuoni) ni msaada wa kitaalamu unaotolewa kwa mazungumzo ya faragha kati ya mnasihi na mwanafunzi mwenye msongo wa mawazo, sonona, msiba, hofu ya mitihani au matatizo ya mahusiano. Nchini Tanzania huduma hii kwa kawaida huwa chini ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ambayo pia hushughulikia mabweni, mikopo na nidhamu. Mchanganyiko huo ni udhaifu mkubwa: mwanafunzi husita kufungua moyo mbele ya ofisi inayoweza kumchukulia hatua.

Siri ndiyo msingi wa kazi hii. Mnasihi husikiliza, huuliza na kumsaidia mwanafunzi kupima njia zake mwenyewe, hatoi dawa. Mwenye dalili kali hupelekwa kwa daktari wa afya ya akili. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, jambo linaloweza kumzuia mhusika kusema mapema.

Umbali na nyumbani huongeza uhitaji wa unasihi. Kwa mfano, katika Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa 2012, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, Wilaya ya Mlele. Kwa kijana wa Sibwesa, kata ya Wilaya ya Tanganyika mkoani humo, kusoma chuo kikuu humaanisha kuishi mbali na wazazi na wazee, ambao ndio washauri wa kwanza wa familia.